Bega la Kuegemezea Bunduki

Msimu wa kuwinda ukifunguliwa Natal, karakana ya Bwana Kajee hujaa bunduki mpaka nyingine hulazwa juu ya kabati. Ndivyo ilivyokuwa Mei ya mwaka 1999, na Anaclet, fundi pekee wa mashine ya kukereza pale, alikuwa hoi tangu juma la kwanza. Karakana ilikuwa nyuma ya duka, mtaa wa Overport mjini Durban, chumba kirefu chenye dirisha moja na harufu ya mafuta ya kukatia chuma ambayo Constance, mkewe, alisema imeingia mpaka kwenye mto wa kulalia.

Anaclet alikuwa mtu wa Lubumbashi. Ukerezaji alijifunza kwenye karakana ya reli, akaufanya huko mpaka mishahara ilipoacha kuja na mashine zikaanza kuuzwa vipande vipande. Walipofika Durban, yeye na mkewe, binti yao Elysée walimwacha kwa bibi yake. Anaclet alilinda magari ufukweni, akabeba magunia sokoni, hadi aliposikia kwamba kuna Mhindi Overport anatafuta mtu anayeijua mashine ya zamani ya Kiingereza. Hakuuliza mashine hiyo ilikuwa inakereza nini. Alipoambiwa ni mitutu ya bunduki, alivaa ovaroli.

Jumatatu moja asubuhi aliingia Bwana Crowther, mkulima wa miwa wa upande wa Eston, mzee mrefu aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa bega na bado alikuwa akiushika mkono wake wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto. Alikuja na bunduki yake ya kuwindia ndani ya mfuko wa turubai, na nyuma yake mwanamume mwembamba wa makamo, mwenye koti la kijani lililopauka. Huyo alibaki mlangoni.

Bwana Crowther alieleza shida yake. Bunduki ilikuwa inampiga bega kila akifyatua, na daktari alikuwa amemwambia kwamba akiendelea hivyo mkono utakufa. Alitaka mdomo wa mtutu ukatwe nyuzi, kama zile za boliti, ili afunge breki. Breki ni kipande cha chuma chenye matundu ubavuni. Moshi na nguvu ya baruti, badala ya kutoka mbele, hutokea kando, na bunduki hairudi nyuma kwa kishindo.

Bwana Kajee alimweleza kwa uaminifu. Alimwambia breki huokoa bega lakini hutupa mlio wote pembeni, kwa hiyo mpigaji na yeyote aliye karibu lazima wafunike masikio. Akamwambia pia kwamba juu ya nyuzi zile zile angeweza kufunga kiwambo cha kuzuia sauti, ambacho hupunguza mlio na teke pia. Mzee hakutaka kusikia habari za kiwambo. Kilirefusha bunduki, kilinasa matawi, na zamani za ujana wake kilikuwa kitu cha wezi wa wanyama. Akachagua breki, wakakubaliana kazi iwe tayari Ijumaa. Kisha akaenda kwa daktari wake mtaa wa pili, akamwacha yule mwanamume amngoje pale.

Anaclet alikuwa ameinama juu ya mashine tangu saa ya kufungua. Alipojinyoosha, akiwa ameshika kiuno, alisikia nyuma yake:

"Pole na kazi, kaka."

Aligeuka. Hakuna mtu aliyewahi kumpa pole kwa Kiswahili mle ndani.

"Asante, ndugu. Unatokea wapi?"

Mgeni aligeuza uso kuelekea ukutani, akamletea shavu la kushoto, na Anaclet ikabidi arudie swali. Ndipo mtu yule akajibu kwamba jina lake Ambokile, kwao Tukuyu, na kwamba alikuwa ameshangaa kuona mtu anashika kiuno na kusema "aksanti Mungu" peke yake, akajua huyu ni wa huko huko. Alikuwa amefuata nyayo za wanyama Rungwa, akiwatumikia wawindaji wa kigeni, kabla hajateremka kusini kwa malori na kwa miguu. Sasa alikuwa mfuata nyayo wa Bwana Crowther, ambaye karibu na mashamba yake ya miwa alikuwa ameacha bonde lenye msitu, swala na nguruwe pori, na wageni walikuja kuwinda humo.

Walizungumza Anaclet akiendelea kufuta mashine. Mara mbili zaidi alimwona akigeuza shavu. Pale karakana ya reli kulikuwa na mzee mmoja, Doudou, aliyegonga ribiti, misumari minene ya kuunganishia boila, maisha yake yote, na alikuwa akigeuza uso hivyo hivyo kila ukimsemesha. Anaclet hakuhitaji kuambiwa.

"Sikio ya kuume haisikie," alisema.

Ambokile alitabasamu. Akasema linasikia likitaka. Baadaye, kwa kuwa mwenzake hakutabasamu naye, alieleza. Bwana Crowther, nyasi zikiwa ndefu, hana pa kuegemeza bunduki. Huweka mtutu juu ya bega la Ambokile, Ambokile hushusha pumzi na kusimama kama mti, mzee hufyatua. Bega lenyewe ni la kulia. Wageni nao walipenda mtindo huo, walipiga picha. Vifuniko vya masikio havai, maana mfuata nyayo asiyesikia majani hana kazi.

"Hii kitu mukubwa wako anataka," Anaclet alisema, "iko mubaya sana kwa mutu wa pembeni. Ile sauti yote itakuja kwako. Hata ile sikio ingine itakufa."

"Najua, kaka. Mwaka juzi alikuja mgeni mmoja na bunduki yenye kidude hicho. Nilisimama naye siku moja tu, filimbi ikalia kichwani mpaka kesho yake."

Anaclet alimuuliza kwa nini hajamwambia mzee. Ambokile alitazama mlangoni kwanza. Alisema mtoto wa Bwana Crowther, aliyekuwa anaendesha shamba siku hizi, alikuwa anangoja tu baba yake achoke na bunduki, akate msitu wote na kupanda miwa. Mzee akipiga, bonde lipo, na bonde likiwapo Ambokile yupo. Mzee akishindwa kupiga, yeye ni nani? Nyumbani Tukuyu mkewe Rhoda alikuwa na watoto shuleni. Misimu michache zaidi ndiyo aliyoitaka.

"Nakuomba usiseme kitu," alimalizia. "Sikio ni langu na kazi ni yangu."

Anaclet hakukubali wala hakukataa. Alisema amesikia, na wakati huo huo Bwana Crowther alikuwa amerudi, anaita kwa Kizulu kutoka dukani. Ambokile hakusogea. Anaclet ndiye aliyemgusa mkono na kumwonyesha kwamba anaitwa.

Jioni, chumbani kwao mtaa wa Point, Constance aliloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Kutwa nzima alikuwa amesimama saluni akisuka, na vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba. Walikula bukari, ugali wa kwao, na kabichi. Anaclet alimsimulia habari ya Ambokile, akingoja aambiwe la kufanya.

"Papa Elysée, yeye mwenyewe amekuomba unyamaze," Constance alisema. "Unataka nini tena?"

"Sijue."

"Basi kula."

Alikula. Constance aliegemeza kichwa ukutani, macho yamefumba, na Anaclet akadhani amelala. Lakini akasema, polepole, bila kufumbua macho:

"Kama ni mimi ninasimama pale na ile bunduki juu ya bega, ungenyamaza?"

Hakungoja jibu. Alikuwa amechoka mno kungoja majibu ya watu, na kweli usingizi ulimchukua hapo hapo, miguu ikiwa bado kwenye beseni. Anaclet aliinua mguu mmoja mmoja, akaufuta.

Jumatano aliishika kazi. Alitoa kitako cha mbao cha bunduki, akaupitisha mtutu ndani ya mashine, akaanza shughuli ndefu ya kuuweka sawa. Mtu asiyejua hudhani tundu la mtutu liko katikati ya chuma. Mara nyingi limepinda upande kidogo, na nyuzi zikikatwa kufuata ngozi ya nje badala ya kufuata tundu, risasi itagusa breki ikitoka na kuipasua. Alitia ndani ya tundu kijiti cha kupimia, akaweka saa ndogo yenye mshale, akazungusha kwa mkono huku akitazama mshale unavyopepesuka. Akalegeza huku, akakaza kule. Akazungusha tena. Kazi hii alikuwa akiipenda zamani. Siku hizi aliifanya kwa sababu mikono ilikuwa inaikumbuka.

Bwana Kajee alikuja akasimama nyuma yake na kikombe cha chai. Alikuwa bosi mpole, na kwa mambo ya mashine alimwamini kabisa.

"Pana nyama ya kutosha?" aliuliza. Maana yake ni kama chuma mdomoni mwa mtutu kilikuwa kinene kiasi cha kukatwa nyuzi bila kudhoofika.

Anaclet alikuwa na maikromita mkononi. Alijua kwamba akisema hapana, kazi itaishia pale. Bwana Kajee atampigia mzee simu, atamwomba radhi, bunduki itarudi kwake kama ilivyokuja, na hakuna mtu atakayekuwa amemsema mtu. Alikitazama kipimo kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Chuma kilikuwa kinene. Na kama mzee akienda kwa fundi mwingine, fundi mwingine atakata.

"Iko ya kutosha," alisema.

Basi akakata. Alipunguza chuma kidogo kidogo, akabadilisha kisu, akaweka gia za mashine kwa ajili ya nyuzi, akaanza mkato wa kwanza, mwepesi hata ulionekana kama mkwaruzo wa kucha. Akarudisha kisu, akaongeza kina, akakata tena juu ya njia ile ile. Maganda ya chuma yalijisokota na kuanguka yakitoa moshi wa mafuta. Alipoona nyuzi zinakaribia kutosha alijaribu breki kwa mkono. Ilikataa. Akapitisha kisu mara ya mwisho, akapiga brashi, akajaribu tena, na safari hii ikaingia taratibu, bila kulegea wala kukwama, ikakaa. Bwana Kajee aliizungusha kwa vidole viwili, akasema ni kazi safi. Anaclet alisema asante, akaenda kunawa.

Ijumaa walikwenda kuijaribu. Bwana Kajee alikuwa na desturi ya kumchukua Anaclet kila bunduki mpya ikipigwa, ili kama kuna kasoro aione mwenyewe. Uwanja wa kulengea ulikuwa nje ya mji, ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa, ukuta wa mwamba pande tatu. Bwana Crowther alikuwa amekwisha kufika, na Ambokile naye, na koti lake lile lile. Ambokile alimsalimu Anaclet kwa kichwa tu.

Wote walivaa vifuniko vya masikio. Mzee aliketi mezani, akaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, akakaza taya kama mtu anayengoja sindano, akafyatua. Mlio ulipiga mwamba ukarudi. Vumbi lilipaa pande zote mbili za mdomo wa mtutu, na Anaclet, aliyesimama hatua kadhaa kando, aliusikia mpaka kifuani. Mzee alibaki ameketi. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema haikuuma. Akapiga tena, na tena, akawa anacheka, akamwambia Bwana Kajee kwamba alikuwa amekwisha kuaga msitu moyoni, hakumwambia mtu, na sasa angalia. Macho yake yalilowa. Ilikuwa vigumu kumchukia mzee yule.

Ndipo akasema anataka kuijaribu kama anavyopiga msituni. Alisimama, akamwashiria Ambokile.

Ambokile alikwenda mbele yake, akageukia shabaha, akavua vifuniko vya masikio na kuvining'iniza shingoni, kama ambavyo angefanya kazini. Akapanua miguu kidogo. Mzee aliinua bunduki na kulaza mtutu juu ya bega lile la kulia, breki ikiwa mbele kidogo tu ya shavu.

Anaclet hakukumbuka baadaye kwamba aliamua. Alijikuta amekwisha kufika mbele, mkono wake uko juu ya mtutu wenye joto, anausukuma chini, anasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba hapana, bwana, tafadhali, huyu mtu hasikii upande huu, bunduki imeua sikio, hii itaua lingine.

Wengine walivua vifuniko vyao vya masikio. Bwana Kajee alikuwa na uso wa mtu aliyeaibishwa mbele ya mteja. Bwana Crowther alitoa risasi ndani ya bunduki, akamtazama fundi, halafu akamzunguka Ambokile mpaka mbele na kumuuliza kwa Kizulu kama ni kweli. Ambokile alicheka. Alisema kwa Kizulu pia, na kwa mikono, kwamba fundi huyu amemchanganya na mtu mwingine, masikio yake ni mazima, bwana mwenyewe anajua, nani aliyemsikia nguruwe juzi kabla ya mbwa? Alicheka vizuri sana. Mtu asiyejua angemwamini.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akaweka bunduki mezani, akatembea polepole kama anayekwenda garini, akapita nyuma ya Ambokile upande wa kulia. Hapo akasimama. Hakuinua sauti. Alisema kwa Kizulu kwamba kuna nyoka kwenye mguu wake.

Anaclet hakujua Kizulu kingi, lakini nyoka ni nyoka huku na huku. Yeye mwenyewe alitazama chini. Bwana Kajee alirudi nyuma hatua. Ambokile alibaki amesimama pale, uso umeelekea kwenye mwamba, tabasamu bado liko midomoni, akingoja mzee aamue.

Mzee alisema tena, kwa sauti ile ile. Kisha akaenda kuketi kwenye kreti la shabaha, mikono magotini.

"Miaka yote hii anageuza uso nikimsemesha," alimwambia Bwana Kajee. "Nilidhani ni adabu."

Ambokile alizisoma nyuso zao. Alivivua vile vifuniko shingoni, akavikunja, akaviweka mezani kando ya bunduki. Alipopita karibu na Anaclet alisema kwa Kiswahili, bila hasira, kama mtu anayetaja jambo lililotokea zamani:

"Nilikuomba."

Garini, wakirudi mjini, Bwana Kajee hakugomba. Alisema tu kwamba Anaclet angemwambia tangu Jumatatu ile, wangetafuta namna ya kuyasema bila kumvunjia mtu heshima hadharani. Anaclet alisema Ambokile alimwomba anyamaze. Bosi akauliza, na leo je, alikuwa hakuombi tena? Anaclet aliangalia mikono yake. Ule wa kulia ulikuwa umeungua kidogo kwa joto la mtutu.

Wiki chache baadaye Bwana Crowther alirudi dukani peke yake. Aliagiza breki ifunguliwe na badala yake kifungwe kiwambo, kile kile alichokikataa. Anaclet alikifunga, kikakaa barabara. Mzee alisimama akimtazama, mwishowe akampa mkono, ule wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa mbovu, akamwambia kwamba amempeleka Ambokile kwa daktari wa masikio na kwamba la kulia haliponyeki. La kushoto likitunzwa litabaki. Anaclet aliuliza kama Ambokile yuko naye msituni. Mzee alitazama pembeni. Alisema hapana, amempa kazi ya getini. Hawezi tena, alisema, kumwona mtu yule amesimama mbele yake huku yeye ameshika bunduki.

Anaclet aliyafikiria maneno hayo siku nyingi. Mzee alidhani amemhurumia mtu, na kweli alikuwa amemhurumia. Lakini mfuata nyayo aliyekuwa akijua chui amepita lini kwa kutazama umande, sasa alikuwa anafungua mnyororo kupisha malori ya miwa.

Ikawa kama alivyohofia Ambokile mwenyewe, ila kwa njia nyingine. Mzee, bila mtu wa kumtangulia, alichoka na msitu kabla ya msimu kwisha. Kiwambo kilimlemea, na bega halikupona. Agosti mwanawe aliingiza matingatinga bondeni. Habari hizi Anaclet alizisikia kwa Ambokile mwenyewe, aliyekuja Point Jumapili moja mwezi wa kumi, akiuliza mlango kwa mlango wapi anakaa fundi Mkongo wa bunduki.

Constance alimkaribisha, akampa kiti kimoja walichokuwa nacho. Alikuwa amekonda. Alisema ameacha lile geti, sasa anabeba matofali Cato Manor, wanakojenga nyumba nyingi, na analala huko huko na vijana wa Mbeya. Walikula. Walizungumza habari za mvua, za bei ya simu ya kupiga nyumbani, za vita vilivyokuwa vimerudi tena Kongo na jinsi Elysée alivyoacha kuandika. Lile jambo lenyewe lilikaa kati yao kama mtu wa nne.

Constance alipotoka kwenda kuteka maji uani, Anaclet alisema:

"Ndugu, ile siku sikuweza. Mukono ilienda yenyewe."

"Niliona."

"Uko na kinyongo na mimi?"

Ambokile alifikiri. Hakuwa anatafuta jibu la kumridhisha mtu.

"Nilikuwa nacho," alisema. "Kule getini nilikuwa nacho sana. Asubuhi nasikia ndege kwa sikio hili moja, nasema, haya, ndiyo aliyoniachia yule Mkongo. Nikikaa mchana kutwa sina kazi ya maana, nasema, na haya pia ndiyo aliyoniachia." Alisugua viganja vyake vilivyochubuliwa na matofali. "Sijui kama ulikosa, kaka. Ningejua, ningekusamehe, tukamaliza. Ila ningependa jambo lile niliamue mimi."

"Ungeamua nini?"

"Ningeendelea kusimama."

Anaclet aliinamisha kichwa. Constance alirudi na ndoo, akawatazama wote wawili, akawasha jiko na kuchemsha chai.

Tangu siku hiyo Ambokile alikuja Jumapili nyingine na nyingine. Hawakulirudia neno lile. Mara nyingi hawakuzungumza kabisa, wanaume wawili waliochoka na mwanamke aliyechoka, wameketi chumbani dirisha likiwa wazi, chai inapoa. Karakana nayo iliendelea. Mteja akileta mtutu wa kukatwa nyuzi kwa ajili ya breki, Anaclet alijifunza kuuliza, kwa Kiingereza chake, ni nani husimama pembeni. Bwana Kajee alimwacha aulize. Wengine walijibu, wengine walikasirika, na mmoja alichukua bunduki yake akaondoka.

Kabla ya Krismasi Ambokile alikuja akiwa amevaa shati jipya. Alikuwa amepata lori la kumfikisha Zambia, na kutoka huko angejua la kufanya. Rhoda alikuwa amemwambia kwenye simu aje tu, na mikono mitupu, kuna shamba, kuna ndizi. Alisema hivyo kama mtu anayerudia maneno ambayo bado hajayaamini. Constance alimfungia mikate na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko. Anaclet alimsindikiza mpaka kwenye taa za barabarani za Point Road, zile waitazo robot, mahali lori lilipoegeshwa. Walishikana mikono kwa muda.

"Uwasalimie," Anaclet alisema.

"Watasikia," alisema Ambokile.

Akapanda. Dereva alikuwa na haraka, na lori likaondoka taa ikiwa bado haijawa kijani. Anaclet alirudi nyumbani taratibu. Mkewe alikuwa amelala na viatu. Alivivua, akavipanga chini ya kitanda, akajilaza kando yake, maana kesho yake ilikuwa Jumatatu na kabatini kulikuwa na bunduki zinazomngoja.